Kutembea kwa miguu kutokea Konde, Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Konde ni mji wa soko kaskazini mwa Pemba, ndani ya Wilaya ya Micheweni. Gari za abiria zinaishia hapo, na hapo ndipo inapoanzia njia ya Msitu wa Ngezi, kijiji cha Makangale, ufukwe wa Vumawimbi na Ras Kigomasha. Nimetembeza wageni huku kwa miaka, wengi wao kutoka Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, na maswali hayabadiliki sana. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Jambo lililokwisha kujibiwa pengine sikulirudia, nimekuelekeza tu uende huko.

## Ya mwanzo

Kuna maporomoko ya maji Pemba?

Hakuna, na ni vyema ulijue hilo kabla hujakata tiketi. Poromoko linataka mlima, na sisi hatuna mlima. Pahala pa juu kabisa kisiwani hapafiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Tulivyo navyo ni vilima na mabonde yanayofuatana, hasa upande wa magharibi, na karibu kila bonde lina kijito chake. Kijito kinatoka chini ya mizizi ya miembe, kinaingia kwenye mpunga, kinapotelea kwenye mikoko. Baada ya mvua ya masika utasikia maji yakipiga kelele chini ya magogo ya kuvukia, lakini huwezi kuliita hilo poromoko.

Ikiwa roho yako iko kwenye maporomoko hasa, vuka bara. Huko Lushoto liko la Soni, karibu na soko, unaliona ukiwa barabarani. Liko la Materuni upande wa Kilimanjaro. Sanje, ndani ya Udzungwa, lina mita 170, na Kalambo, mpakani na Zambia, linazidi mita 200. Pemba njoo kwa msitu, kwa popo, kwa harufu ya karafuu na kwa ufukwe ambao saa nyengine utakuwa na alama za nyayo zako tu.

Kwa nini nianzie Konde, nisianzie Chake Chake au Wete?

Kwa sababu ya masafa. Kutoka sokoni Konde mpaka lango la Ngezi ni kama kilomita 5, mwendo wa saa moja na kitu kwa mtu asiyekimbia. Ukilala Chake, asubuhi yako yote inakwisha ndani ya gari, na ndege wa msituni hawamsubiri mtu. Wete si mbali sana, na nyumba za wageni ni nyingi zaidi kuliko Konde, kwa hiyo wengi hulala Wete na kuondoka alfajiri.

Soko lenyewe pia ni sababu. Samaki wanaingia kutoka Tumbe, mihogo na ndizi zinashuka kutoka mashambani, na ukitafuta mtu wa kukupeleka popote kaskazini, atapatikana pale au atajuulikana na mtu aliye pale. Kunywa kikombe cha kahawa barazani kabla ya kuanza safari. Nusu saa ile itakupa habari za njia, za mvua na za mto uliojaa kuliko simu yako.

Nafikaje?

Kwa boti kutoka Unguja unashuka Mkoani, kusini kabisa ya kisiwa. Kwa ndege unashuka karibu na Chake Chake. Kutoka Mkoani mpaka Chake ni kama kilomita 30. Chake utapata gari ya Konde, na Wete pia ziko. Ziko tele asubuhi, zinapungua mchana, na baada ya magharibi usizitegemee kabisa. Muulize utingo gari ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi, na umuulize hapo hapo unaposhuka, usingoje jioni.

Msimu gani ni mzuri?

Juni mpaka Septemba, wakati wa kipupwe, hewa ni ya baridi kidogo na njia zimekauka. Januari na Februari kunakuwa na jua kali lakini njia ni nzuri, mradi uanze mapema. Masika, kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei, mimi binafsi simpeleki mgeni mbali. Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, na udongo mwekundu wa vilimani ukishalowa unateleza kama sabuni. Vuli, Oktoba mpaka Disemba, mvua inakuja na kuondoka, na unaweza kutembea ukiwa tayari kurowa.

Ukitaka kuiona karafuu inachumwa, usiamini kalenda. Msimu unahama mwaka hadi mwaka, na mara nyingi unakuwa katika nusu ya pili ya mwaka. Piga simu uulize kwanza.

Kuna ramani au alama njiani?

Ndani ya Ngezi zimo njia zilizosafishwa kwa ajili ya wageni. Nje ya hapo, njia ni zile zinazotumiwa na wenyewe kwenda shamba, kisimani, skuli, msikitini na pwani. Hakuna aliyezichora kwa ajili ya matembezi, wala hazina vibao. Kijia kinaweza kugawika mara tatu ndani ya dakika kumi, na vyote vitatu ni vya kweli, ila kimoja kinaishia mlangoni kwa mtu. Ramani ya simu itakuonesha barabara kuu na pwani, vijia hivi havimo. Uliza watu. Kumuuliza mtu njia huku ni sehemu ya maamkizi, hakuna atakayeona unamsumbua.

## Msitu wa Ngezi

Ngezi una nini ambacho misitu mengine haina?

Zamani sehemu kubwa ya magharibi ya Pemba ilikuwa msitu mrefu. Karne ya 19 ilipokuja na karafuu, ukakatwa kilima baada ya kilima. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha kwa kiasi kikubwa ya Pemba, basi ukulima wa karafuu ukazidi kuelemea huku na msitu ukazidi kurudi nyuma. Ngezi ndio uliosalia. Ulifanywa hifadhi mwaka 1959.

Halafu kuna jambo la bahari. Mkondo unaotutenganisha na bara una kina cha mamia ya mita, wakati ule wa baina ya Unguja na bara ni wa kina kifupi tu. Bahari iliposhuka zama za kale, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba ilibaki peke yake. Kwa hiyo wanyama wetu wakubwa ni wachache, lakini tuna viumbe ambao hawapo kwengine popote duniani: popo wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na ndege mwengine mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hao wote unaweza kuwaona kwa siku moja au mbili ukiwa na mtu anayewajua.

Nitatembea mahali pa namna gani?

Unaanzia kwenye miti mirefu, mivule miongoni mwake, ambayo shina lake watu watatu wakishikana mikono hawalizunguki. Chini ni giza la kijani na udongo unabonyea. Angalia mpapindi, mnazi mwembamba wa msituni wenye shina la pingili kama muwa. Huo nao asili yake ni Pemba.

Ukiendelea, msitu unafunguka ghafla na unajikuta kwenye vichaka vya kimo cha kifua, juu ya mchanga mweupe. Chukua tawi moja ulitazame kwa karibu. Majani yake ni madogo kama punje ya mchele, yamejipanga kulizunguka tawi, makavu ukiyagusa. Mmea wa ukoo huo huko bara unapanda mlimani, kwenye baridi. Hapa uko karibu na usawa wa bahari, kwa sababu mchanga wa Ngezi hauna rutuba na miti mikubwa haiwezi kushinda. Wageni wengi wanapita hapa wakitafuta tumbili. Mimi kila nikifika nasimama.

Lazima niwe na mtembeza wageni?

Ndani ya hifadhi, ndiyo. Unalipa langoni na unapewa mtu. Bei hubadilika, kwa hiyo ulizia kabla, na omba stakabadhi. Barabara ya kwenda Makangale inakatisha msitu na wananchi wanaipita kila siku, lakini ukitaka kuiacha barabara na kuingia ndani, nenda na mtu wa hifadhi. Macho yake ndiyo yatakayokuonesha ndege. Nimewahi kukaa dakika nzima nikitazama tawi tupu, mpaka yule mzee niliyefuatana naye akaniwekea kidole chake sambamba na jicho langu: bundi alikuwa ameegemea shina, rangi moja na gome, macho ameyafumba.

Matembezi ya usiku yapo?

Yapo kwa mapatano ya mapema na watu wa hifadhi. Bundi wa Pemba anaanza kuita baada ya magharibi, sauti moja fupi, anyamaze, tena moja. Ukimya wa baina ya mlio na mlio ndio unaomfanya mtu ashike pumzi. Pemba, kama sehemu nyingi, bundi ana sifa mbaya, na wako watakaokuuliza unamfuata wa nini. Wajibu kwa upole. Chukua tochi yenye mwanga mdogo na usimmulikie usoni.

Kuna wanyama wakali?

Chui hakuna, simba hakuna, nyati hakuna. Wapo tumbili, paa wadogo ambao utawasikia zaidi kuliko kuwaona, pelele anayepiga kelele usiku, nguchiro na ngawa. Kima punju wa Unguja hawakuwa wa huku. Wachache waliletwa Ngezi miaka ya 1970. Anayetaka kuwaona kima punju kwa uhakika aende msitu wa Jozani, Unguja. Nyoka wapo, kama kila penye msitu. Tazama unapokanyaga, usiingize mkono kwenye shimo wala chini ya gogo, na nyoka mwenyewe atakupisha. Wadudu wanasumbua zaidi, na hao wana swali lao katika sehemu ya afya.

Ni kweli msituni mna mizimu?

Zimo sehemu ambazo wenyeji wanaziheshimu. Mtembezaji akikwambia hapa hatupiti, au hapa tunapita kimya, mfuate bila ubishi na bila kucheka. Huhitaji kuamini anachoamini. Wewe ni mgeni kwenye uwanja wa mtu.

## Pwani na mahali pa jirani

Naweza kutoka Ngezi mpaka Vumawimbi kwa miguu?

Unaweza, na ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote. Ukimaliza msitu unapita vijiji na mashamba ya mihogo, kisha minazi, kisha unasikia kile ambacho kimelipa pahali hapo jina lake: wimbi linavuma. Ufukwe ni mrefu, mweupe, na mara nyingi mna wavuvi wawili watatu tu wakitengeneza nyavu. Hakuna duka, kwa hiyo maji na chakula ubebe tangu Konde.

Kutoka Konde mpaka Vumawimbi kwa miguu, ukiwa na kituo cha msituni, ni nusu siku. Usipange kurudi kwa miguu siku hiyo hiyo. Patana na mwenye bodaboda akufuate saa tisa alasiri, na mlipe akishafika.

Verani iko ng'ambo ya pili ya rasi, upande wa magharibi. Huko ndiko pa kutazama jua likizama.

Na mnara wa Ras Kigomasha?

Ni mnara wa chuma wa kuongozea meli, uliojengwa na Waingereza mwaka 1900, kwenye ncha ya rasi. Omba ruhusa kwa mwangalizi kabla ya kupanda. Ngazi ni nyembamba, na mwenye kizunguzungu abaki chini. Juu unaona msitu wote uliopita asubuhi, na upande wa pili bahari ya buluu nzito inayokwambia kina kinaanza pale pale.

Habari za maji kupwa na kujaa zinanihusu vipi mimi ninayetembea?

Zinakuhusu kuliko viatu. Bahari yetu inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji inaweza kufika mita 4 hivi. Mwamba uliopita asubuhi kwa miguu mikavu, alasiri uko chini ya maji.

Hesabu yake wazee wanaijua kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji yanapwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na yanajaa sana karibu na saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Katikati, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana. Anza matembezi ya pwani maji yanapotoka, na uwe umeshafika unakokwenda kabla hayajarudi nusu.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Niliwachukua ndugu zangu watatu kufuata miamba kuelekea rasini siku ya bamvua, tukakaa kula muhogo wa kuchoma, tukazungumza. Tulipoinuka njia ya kurudi haikuwepo. Tulipanda juu ya mawe ya matumbawe, makali kama misumari, tukapenya kwenye miba kwa saa nzima, na dada yangu mdogo analia. Tangu siku ile nauliza maji kwanza, habari za jua baadaye.

Tumbe na Chwaka kuna nini cha kutembelea?

Tumbe ni soko kubwa la samaki, na uzuri wake ni asubuhi wakati vyombo vinaporudi. Kusini yake kidogo, kwenye mashamba ya Chwaka, yapo magofu ambayo wenyeji wanayanasibisha na Haruni, mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba: msikiti na makaburi ya mawe. Jirani yapo makaburi ya ukoo wa Wamazrui. Kutoka barabara kuu ni matembezi mafupi, ya tambarare, yanamfaa hata mtu mzima.

Mkama Ndume mwenyewe ngome yake iko Pujini, kusini mashariki ya Chake, na hiyo ni safari ya siku nyengine. Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake, ina gofu la msikiti na makaburi ya mnara ya karne ya 14. Njia ya miguu ipo, ndefu na ya jua, na mimi ningekwenda kwa mashua.

Popo nawaona wapi?

Ngezi wamo, lakini kwa wingi na kwa urahisi nenda Kidike, kwenye njia ya baina ya Chake na Wete. Kijiji chenyewe kinawalinda. Utawakuta wananing'inia mchana kwenye miti mirefu kama matunda meusi, na mmoja akikunjua mbawa utaona zinafika kama mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, uso wa rangi ya kutu kama wa mbwa mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kumalizika, kwa kuwindwa na kwa kukatiwa miti. Miaka ya 1990 vijiji vikaanza kuwalinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu.

Usipige makofi wala mayowe ili waruke upate picha. Wenye watoto wanawabeba vifuani, na kila kuruka kwa mchana ni nguvu inayopotea. Ngoja magharibi, watatoka wenyewe.

## Mashamba na vijiji

Naruhusiwa kupita kwenye shamba la mtu?

Kijia kinachopita ndani ya shamba kwa kawaida ni cha kila mtu. Ukimuona mwenyewe, salimia kwanza: *Assalaam alaykum*, na kwa aliyekuzidi umri, shikamoo. Mwambie unatokea wapi na unakwenda wapi. Ukitaka kutoka nje ya kijia, hata kwa kupumzika chini ya mti, omba. Ukiwa kundi kubwa, au unataka kurudi mara kwa mara, pitia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lile. Anaweza kukupa mtu wa kufuatana nawe, na anapokujua sheha, kijiji kizima kimekujua.

Wakati wa karafuu uwe mwangalifu maradufu. Hiyo ndiyo fedha ya mwaka ya watu, ya ada za skuli na ya kuezekea nyumba. Mtu asiyejuulikana akizungukazunguka chini ya mikarafuu atashukiwa, na wana haki. Usiokote hata zilizoanguka. Karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, zungukia mbali. Inama kidogo uzitazame: zilizotoka mtini jana ni za kijani na wekundu, za juzi zimeanza kuwa kahawia pembeni, zilizokauka zinavunjika *ta* ukizikunja. Mama anayezigeuza kwa mguu, akiburura nyayo taratibu kutoka ukingo mpaka ukingo, atakuonesha mwenyewe ukimsalimia. Kununua kwa magunia njiani usijaribu. Biashara ya karafuu ina sheria zake, na mnunuzi ni Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar.

Nivae nini?

Suruali ndefu au kanga, na shati lenye mikono, kwa wanaume na wanawake. Ni heshima kwa kijiji, na pia ni kinga ya upupu na mbu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu, na hata hapo, kama wapo wavuvi na watoto wa chuo cha Kurani, jifunike.

Mimi ni mwanamke, naweza kutembea peke yangu?

Wanawake wa Pemba wanatembea vijia hivi kila siku, wakitoka kuchota maji, kulima na kuokota kuni. Barabarani na vijijini mchana huna la kuogopa zaidi ya maswali: mume yuko wapi, watoto wangapi. Kwa msituni na pwani zilizo tupu, fuatana na mtu, na ukipenda awe mwanamke, sema mapema atafutwe. Ushauri huo huo nampa mwanamume, kwa sababu ya kuteguka mguu mahali pasipo mtu.

Na Ramadhani?

Njoo, lakini hoteli za chakula mchana zimefungwa, na kula au kunywa mbele za watu ni kuwakosea. Beba chako, ujifiche msituni. Watembezaji wamefunga, kwa hiyo anza alfajiri mmalize kabla jua halijawa kali. Magharibi ikikukuta kijijini, utaitwa ufuturu. Usikatae. Ijumaa za kawaida, usipange lolote baina ya saa sita na saa nane.

## Afya na usalama

Naweza kukoga kwenye kijito?

Usikoge, usioshe miguu, usivuke peku. Swali hili nalijibu kwa msisitizo kwa sababu linaulizwa na watu wenye joto na jasho, na maji yanaonekana safi.

Kichocho cha mkojo kimekuwa ugonjwa wa Pemba kwa vizazi. Kimelea chake kinakua ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, kisha kinatoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Si lazima unywe. Sisi tulipokuwa skuli tulikuwa tukikoga bondeni kila tukitoka darasani, na wengi tulikojoa damu. Tukadhani ndiyo dalili ya kukua, hatukuwaambia wazee. Miaka hii watoto wamepewa dawa maskulini na majumbani, na ugonjwa umeshuka sana, jambo ambalo namshukuru Mungu kila nikiwaona wanangu. Lakini haujakwisha katika kila kijito, na huwezi kuujua kwa kutazama maji.

Bahari haina kichocho, kwa hiyo koga Vumawimbi. Ikiwa umekwisha kuingia mtoni, usiogope: subiri kama miezi mitatu, nenda kituo cha afya ukapime mkojo na umwambie daktari ulikuwa Pemba. Dawa ipo na inatibu. Ukiona damu kabla ya hapo, nenda mara moja.

Viatu gani?

Vyenye soli ya meno na vinavyofunga kisigino. Ndara zinatosha sokoni tu. Upande wa magharibi utelezi ndio adui. Upande wa mashariki, kwenye maweni, ni mawe makali yanayokata soli nyembamba. Ukiwa utatembea kwenye mwamba wa pwani, chukua viatu vya kurowa, kwa sababu ya mashokoro, yaani wale wenye miba mirefu myeusi wanaokaa kwenye vidimbwi.

Wadudu na mimea ya kujihadhari nayo?

Maji moto kwanza. Ni chungu wekundu wanaoshona majani mabichi ya mkarafuu au mwembe yakawa kama mpira, nao wamo ndani. Ukiligusa tawi kwa bega, wanashuka shingoni, na jina lao utalielewa. Siafu wanatoka baada ya mvua, wanavuka njia kwa mstari. Ruka, usisimame katikati. Upupu ni mtambaazi wenye maganda ya manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kwa macho. Usiyashike. Yakikupata usijikune, paka majivu au matope makavu, yasugue yatoke na manyoya, kisha ndiyo uoshe.

Malaria Zanzibar imepungua sana, haijaondoka. Lala ndani ya chandarua.

Nikiumia au nikipotea?

Ukipotea, simama usikilize. Jogoo, adhana, mtwangio: huku hukai mbali na kijiji. Njia inayoteremka itakupeleka bondeni, na bondeni kuna mpunga, na penye mpunga kuna mtu. Jua linazama baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza linaingia upesi, kwa hiyo saa kumi uwe umeshageuza. Ukiumia, hospitali za karibu ni Micheweni na Wete.

## Ya pembeni kidogo

Nafuatana na mama yangu, ana miaka sabini. Tufanye nini?

Tumbe asubuhi, Chwaka kwa magofu, kisha Kidike jioni kwa popo. Yote kwa gari na hatua chache. Ngezi mchukue kipande cha mwanzo tu, panapofikika bila kupanda, mtafutie mahali pa kukaa. Wazee wanafurahia msitu kuliko vijana, wanaitambua miti ya dawa na watamfundisha mtembezaji.

Baskeli je?

Barabara ya Konde mpaka rasini inapendeza kwa baskeli, na za kukodi zinapatikana ukiulizia. Ndani ya vijia vya msitu usiingie nayo.

Naruhusiwa kupiga hema?

Usipige bila ruhusa ya watu wa hifadhi au ya sheha, hata ufukwe ukionekana hauna mwenyewe. Moto msituni hapana, kabisa. Ule uwanja wa vichaka vidogo niliousifu hapo juu ukiwaka siku ya upepo hauzimwi kwa ndoo. Takataka zako rudi nazo Konde, na mifuko ya plastiki usije nayo. Zanzibar iliikataza tangu 2006.

Naweza kurusha kamera ya angani?

Pata kibali cha serikali kwanza. Juu ya popo, hata ukiwa nacho, usirushe.

Nimeokota kombe zuri na kipande cha gamba la kasa Vumawimbi. Nichukue?

Gamba la kasa liache, sheria inamlinda na uwanja wa ndege utaulizwa. Kombe nalo ligeuze kwanza ulitazame ndani. Mara nyingi kaa mdogo ameshahamia, amejikunja mpaka mwisho, anangoja uondoke.